Kumwamini mwenzako si kusaini bila kusoma

Kila habari za mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, zinapopamba moto, au dalali anapofika na kipaza sauti kwenye nyumba ambayo mmoja wa wenyewe hakujua kuwa iko rehani, majirani huuliza swali lile lile: "Miaka ishirini na tano chini ya dari moja, kweli hakujua?" Wengine humwita mjinga. Wengine husema alijua, anajifanya tu. Mara nyingi wote wamekosea. Mtu mwenye akili zake, anayeendesha biashara na kusomesha watoto, anaweza kulala kitanda kimoja na deni la mwenzake kwa miaka bila kuliona. Chanzo ni namna kuaminiana kunavyofanya kazi, hasa kunapokuwa kwa muda mrefu.

Tuanze na maneno, kwa sababu lugha yetu imeyapanga karibu karibu na ni rahisi kuyachanganya. Kuamini, imani, uaminifu na amana yote yana shina moja lililotoka Kiarabu. Kuamini ni tendo la yule anayeambiwa. Uaminifu ni tabia ya yule anayesema. Amana ni kile kilichowekwa mikononi mwa mwingine ili akirudishe kama kilivyokuwa: fedha, hati ya nyumba, siri. Unaweza kumwamini mtu asiye mwaminifu, na unaweza kumshuku mwaminifu. Kwa hiyo "ndoa yetu haina imani" ni malalamiko yasiyokamilika. Ni nani asiyeamini, na ni nani asiyeaminika?

Tena katika mazungumzo ya ndoa neno "mwaminifu" limefinywa hadi likabaki na maana moja, yule asiyetoka nje ya ndoa. Ndiyo maana mwanamume ambaye hajawahi kuwa na mwanamke mwingine hushangaa akiambiwa si mwaminifu kwa sababu alificha mkopo. Kwa hesabu yake ahadi ya ndoa hajaivunja. Kwa hesabu ya mkewe, amana imeguswa.

Lipo jambo jingine ambalo Kiswahili hakina neno moja la kulitaja: ule wepesi wa kukubali kila unachoambiwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Julian Rotter, aliyetunga mwaka 1967 kipimo cha kuamini watu, aliuchora mpaka vizuri alipopitia tafiti zilizofanywa hadi mwaka 1980. Mwenye imani huyakubali maneno ya mtu pale ambapo hakuna sababu ya wazi ya kuyakataa. Anayedanganyika kirahisi huyakubali hata sababu ya wazi ikiwa mbele yake. Rotter aliona pia kwamba wanaowaamini watu kwa kawaida hawadanganyiki zaidi ya wenye shaka, na wao wenyewe huwa wazito zaidi kusema uongo.

Fikiria abiria wa daladala. Anapanda bila kuomba leseni ya dereva, na hiyo ni imani ambayo bila yake hakuna safari. Gari likianza kuyumba na dereva ananuka pombe, abiria mwenye imani hugonga bati na kushuka. Anayebaki kitini akijisemea "mbona ananipeleka kila siku" ameshavuka mpaka wa Rotter. Toshio Yamagishi na wenzake huko Japani walionyesha mwaka 1999 jambo linaloafikiana na hili: wenye imani kubwa kwa watu walikuwa wepesi zaidi kubadili mawazo walipopewa dalili kwamba mtu fulani hafai kuaminiwa. Mwenye kushuku kila mtu hukaa mbali na watu, hivyo hapati nafasi ya kujifunza kuzitambua dalili.

Kwa nini miaka mingi haifundishi kuusoma uongo

Imani potofu iliyoenea kuliko zote ni "namjua huyu kama kiganja changu". Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya majaribio mengi ambamo watu walisikiliza maelezo ya kweli na ya uongo kisha wakaamua lipi ni lipi. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha sarafu hewani utapata karibu hivyo hivyo.

Mtu atasema hao walikuwa wanasikiliza wageni, mke au mume ni tofauti. Swali hilo lilipimwa. Mwaka 1986 Steven McCornack na Malcolm Parks walichunguza watu walio kwenye uhusiano wa mapenzi, wakaona mnyororo huu: kadiri uhusiano unavyokomaa, mtu huzidi kujiamini kwamba anaweza kumtambua mwenzake akidanganya, kadiri anavyojiamini, huzidi kuchukulia kwamba anachoambiwa ni kweli, na kadiri anavyochukulia hivyo, hupungua uwezo wa kuuona uongo ukiwapo. Ukaribu wenyewe ndio unaoweka utando machoni.

Ni kama mpishi aliyepika mchuzi ule ule miaka ishirini. Mwanzoni alionja kila hatua. Sasa mkono wake unajua chumvi, na mara nyingi unajua kweli. Lakini siku dukani wakimuuzia chumvi kali zaidi, atakayelisema kosa ni mgeni mezani. Mpishi hakusahau kupika, aliacha kuonja.

Na macho? "Mtazame machoni, mwongo hawezi kukutazama" ni imani ya dunia nzima. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza watu wa nchi zaidi ya 50 jinsi ya kumjua mwongo, na jibu lililoongoza ni kwamba anakwepa macho. Majaribio hayaiungi mkono imani hiyo. Kwetu ina kasoro ya ziada, maana watu wengi wamelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa au katika maongezi mazito kama ishara ya heshima. Mke aliyefunzwa hivyo anaweza kuonekana mwongo akisema kweli tupu.

Tunayo pia methali, njia ya mwongo ni fupi. Sokoni huenda ni kweli, kwa sababu wanunuzi hukutana na kuulizana. Ndani ya ndoa ndefu njia hiyo inaweza kurefuka miaka kumi, kwa kuwa hakuna anayepita kuikagua.

Uongo wa fedha unavyojengwa

Uongo mkubwa wa fedha kati ya wanandoa huanza kwa kunyamaza, na aghalabu aibu ndiyo iliyomziba mtu mdomo. Mtaji umekata, ada ya shule imefika, mzazi amelazwa. Mmoja anakopa akiwa na nia ya kulipa kabla mwenzake hajajua. Hadi hapo hajasema neno la uongo. Marejesho yanapobana, anaulizwa fedha ya matumizi imekwenda wapi, na jibu analolitoa siku hiyo ndilo uongo wa kwanza. Hatua ya tatu ni kukopa kwingine ili kulipa pa kwanza. Wengi wanaonaswa hunaswa katika hatua hii, kwa sababu hesabu haizibiki tena.

Chukua mfano wa mama mwenye genge aliyekopa shilingi 500,000 mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Akimudu kulipa riba tu, anatoa 100,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita ametoa 600,000, na laki tano zake bado anadaiwa zote. Kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili wenye leseni (wale wasiopokea akiba za watu), wanaosimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo ule ule riba isingezidi 17,500. Tofauti hiyo mume angeweza kuigundua kwa dakika moja kama angeonyeshwa karatasi. Siri yenyewe ndiyo iliyomfanya mama akubali masharti hayo: mtu anayekopa kwa kujificha hana wa kushauriana naye, na mkopeshaji analijua hilo.

Upande wa waume, kinachofichika sana ni udhamini. Mfanyakazi anamdhamini mwenzake wa ofisini kwenye mkopo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, anaondoka akijua moyoni kwamba yeye hajakopa, hivyo hana cha kusema nyumbani. Mdhamini ni mtu aliyeahidi kulipa aliyekopa akishindwa. Siku mkopaji akihama au kufukuzwa kazi, makato yanaingia kwenye mshahara wa mdhamini, na mke anaona mshahara umepungua bila maelezo. Udhamini uhesabiwe kama deni tangu siku ya kuusaini.

Saini yako inafanya nini hasa

Hapa ndipo mkanganyiko ni mkubwa, na ndipo familia nyingi zinapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Wengi Tanzania huamini kwamba kufunga ndoa kunafanya mali zote kuwa za wawili nusu kwa nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Ndoa peke yake haihamishi umiliki wa mali. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa mafungu sawa, nayo vilevile mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jina kwenye karatasi lina uzito. Ndoa ikivunjika, mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja kwa kutazama mchango wa kila mmoja, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango.

Nyumba ya familia ina kinga ya pekee. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwenye jina kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wake, muda wote ndoa ikiwapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema rehani ya nyumba hiyo ni halali tu ikiwa mwenzi, au wenzi wanaoishi humo, wamesaini au kuonyesha kuridhia. Mabadiliko ya mwaka 2008 yaliongeza kwamba mwombaji lazima aeleze kama ana mwenzi, na mkopeshaji achukue hatua za kujiridhisha. Anayedanganya kwa makusudi kwamba hana mke au mume anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12. Kenya nako, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inadai ridhaa ya mwenzi.

Kinga hii inahusu nyumba ambayo wanandoa huishi humo pamoja kwa kawaida. Haikifuati kiwanja cha Chanika, shamba la Kilosa au fremu ya duka iliyo kwa jina la mmoja. Ndiyo maana swali la jina la nani liko kwenye hati linafaa kuulizwa siku ya kununua, wakati wote wawili bado wana furaha.

Sasa tazama kinachotokea mezani. Mume anarudi jioni na karatasi tatu, kalamu juu yake, anasema, "Mama Neema, benki wanataka saini yako hapa, ni utaratibu tu." Mke anasaini akiwa na mwiko mkononi, kwa sababu kusoma kungeonekana kama kumshuku. Baadaye, mkopo ukikwama, saini hiyo ndiyo itakayowekwa mbele ya hakimu. Mahakama huanza na dhana kwamba aliyesaini alielewa na kukubali. Anayedai alidanganywa ana kazi ya kuthibitisha, na "nilimwamini mume wangu" hakutoshi. Kuna unyonge mkubwa katika jambo hili. Sheria iliweka saini ya mwenzi ili nyumba iwe na walinzi wawili, na mazoea ya ndoa yanamfanya mmoja afungue geti bila kuuliza nani anapita.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, haya yajulikane: mkopaji ni nani kwa jina, ni kiasi gani na riba yake ni ngapi kwa mwezi, kilichowekwa dhamana ni nini, kwa namba ya hati, rejesho la kila mwezi ni shilingi ngapi na litatoka kwenye kipato kipi, na mimi nasaini kama nani. Hilo la mwisho watu hulisahau. Kusaini kama mwenzi anayeridhia rehani na kusaini kama mdhamini ni mambo mawili. Anayeridhia anaiweka nyumba hatarini. Mdhamini anaweka hatarini pia mshahara wake na mali yake nyingine. Karatasi ilale nyumbani usiku mmoja. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza na hukisomi vizuri, omba ofisa wa mkopo akueleze kwa Kiswahili wewe mwenyewe ukiwa mbele yake. Akikuambia hakuna muda, hiyo ni dalili ya gari kuyumba.

Kuuliza bila kupeleleza

Watu hudhani tiba ya wepesi wa kuamini ni upekuzi: kukagua simu, kunusa mashati, kumtuma mdogo mtu afuatilie. Tatizo la upelelezi ni kwamba hautoshi kamwe. Usipokuta kitu leo, hujathibitisha lolote, unarudi kesho. Anayepelelezwa naye hujifunza kuficha vizuri zaidi, hata asiye na makuu.

Wafanyabiashara wa pwani walilijua jibu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anayeandika madeni kwenye daftari hamtukani mteja, na mteja haoni kuwa ameitwa mwizi. Kuandika ni desturi ya duka. Hesabu za nyumbani nazo zikiwa desturi yenye siku yake, hakuna anayeshtakiwa. Chagueni siku moja ya mwezi, tuseme Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, kwa dakika arobaini hivi, watoto wakiwa nje na hakuna mwenye njaa. Kila mmoja ataje alichoingiza, anachodai, anachodaiwa, aliowadhamini, pamoja na michango ya vikoba na upatu. Hati zikaguliwe mara mbili kwa mwaka, kwa kuziona kwa macho, si kwa kuambiwa "zipo kabatini". Nakala inaweza kukaa kabatini wakati hati halisi iko benki.

Kikao hiki hufa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: ukweli wa kwanza kutajwa huadhibiwa. Mke anasema anadaiwa laki mbili, mume anafoka, habari zinafika kwa mawifi, na mwezi unaofuata hakuna anayesema kitu. Kila nyumba ina bei ya kusema kweli. Bei hiyo ikiwa matusi ya wiki nzima, hata mwaminifu ataanza kunyamaza. Jaribuni kukubaliana kwamba deni lililotajwa kwa hiari halijadiliwi lawama yake siku hiyo. Linajadiliwa namna ya kulilipa. Lawama ipewe siku nyingine.

Wapo watakaosema huu ni uzungu, kwamba mume wa zamani hakuhojiwa. Mume wa zamani hakuwa na programu ya mkopo kwenye simu inayompa fedha usiku wa manane bila shahidi. Mahari yenyewe ilihesabiwa mbele ya wazee wa pande mbili na kila mtu akasikia.

Uongo ukishafichuka

Kinachoua imani baada ya ugunduzi ni ukweli unaotolewa kwa vijiko. Leo anakiri milioni moja, wiki ijayo inajulikana kuwa ni mbili, mwezi ujao kuna mdhamini. Kila kijiko kinafuta msamaha wa kijiko kilichotangulia, maana aliyesamehe anagundua alisamehe kitu asichokijua. Mwenye kosa akae na kalamu, aorodheshe kila deni, anayedai, kiasi, tarehe na dhamana, kisha aonyeshe karatasi na ujumbe wa simu unaothibitisha. Iwe mara moja.

Aliyedanganywa naye ana kazi ngumu, kuamua anaamini nini sasa. Hakuna haja ya kuchagua kati ya kuamini yote na kutoamini lolote. Mnaweza kuanza na kipande kidogo chenye kipimo, mfano marejesho ya miezi mitatu yakilipwa kwa tarehe na risiti zikiwekwa mezani bila kuombwa. Hayo "bila kuombwa" ndiyo yenye thamani. Risiti iliyotolewa baada ya kudaiwa mara nne inaonyesha deni limelipwa, na hapo ndipo inapoishia.

Ikiwa nyumba tayari iko rehani na marejesho yamekwama, muda una maana. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kwa mkopaji kabla ya kutumia haki ya kuuza. Notisi hiyo huja kwa jina la mkopaji, na anayeficha huificha nayo pia, hivyo wengi hupata habari zikiwa zimebaki siku chache. Ukipata fununu, usisubiri mwenzako akiri. Nenda ofisi ya ardhi na namba ya hati, lipa ada ya upekuzi, utaambiwa kama nyumba ina rehani na ni ya nani. Kama bado haina na unahofu itauzwa au kuwekwa dhamana, Sheria ya Ndoa inatambua kwamba mwenzi ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa zuio kwa Msajili wa Hati; beba cheti cha ndoa na namba ya hati. Nyumba isiyo na hati haina daftari la kuwekewa zuio, lakini mauzo mengi ya aina hiyo hushuhudiwa na serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo barua kwa mwenyekiti, yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, huwafanya mashahidi wasite. Zuio si talaka. Linaweza kuondolewa kwa barua siku mkikaa na kuelewana, nyumba ikiwa bado yenu.